Mvamizi wa Kimataifa

Shoga, nitafutie shimo nijifukie. Nakuandikia nimejifungia choo cha walimu.

Leo shule imetoa matokeo kwenye tovuti. Saa nne ikagoma. Kila mzazi akifungua anaambiwa seva imezidiwa. Simu za ofisini zikaanza kulia zote kwa mpigo.

Mwalimu mkuu akaja mezani kwangu. "Fundi, kuna nini?"

Na mimi na mdomo wangu! Nikaona kwenye rekodi za seva kuna kompyuta moja inaigonga seva mara hamsini kwa sekunde. Nikasimama, mkono kiunoni: "Mama, tumevamiwa. Huyu ni mhalifu wa kimataifa."

KIMATAIFA, shoga!!

Akampigia yule kaka wa kampuni inayotutunzia seva, akaweka spika, walimu wamejaa mlangoni. Kaka akaguna. "Huyo mhalifu yuko ndani ya jengo lenu. Kompyuta yake inaitwa Fundi Mkuu."

Yangu hiyo! Jana niliandika kiprogramu cha kuifungua tovuti tena na tena kupima kama iko hai, nikaenda zangu nyumbani bila kukizima.

Nimekizima, tovuti ikafufuka palepale. Mwalimu mkuu akanitazama toka utosini mpaka kwenye ndala.

"Sasa wewe wa kimataifa, wapigie wazazi uwaombe radhi. Mmoja mmoja."

Wa kwanza kwenye orodha ni nani? Wifi yangu! Umbea ulishamfikia, hata salamu hakunipa: "Eti mmevamiwa? Mmeshamkamata?"

Shoga, nimemwambia bado anatafutwa.