Kidole Juu ya Waya

Jumanne, Kawangware

Nusu sentimita. Hiyo ndiyo iliyotenganisha tindo na waya.

Gia za nyuma za baiskeli ya umeme ya dada yangu Nekesa zilikuwa zimekwama kwenye mota, na kifaa cha kuzifungulia kilivunjika meno. Kwa hiyo Mutua, fundi wetu wa baiskeli kutoka Mashimoni, akachukua tindo na nyundo. Waya wa mota hutokea katikati ya gia hizo. Ukikatika, mota imekufa, na Nekesa, kwa goti lake bovu, hawezi kupeleka mkate Riruta kwa kukanyaga pedali.

"Na ukiteleza?" nikamuuliza.

"Mtu wa gazeti, shika tairi. Maswali wekea wabunge."

Akaishika tindo kwa mkono wa kushoto, akalaza kidole gumba juu ya waya. "Nikikosa, nalia mimi kwanza."

Pigo la sita lilimpata. Alikinyonya kidole, akakirudisha palepale.

Katika kazi yangu ya gazeti nimetazama mabaya zaidi, lakini pigo lililofuata sikuliona. Nilikuwa nimefumba macho. Nilisikia tu gia zikiachia.