Mashua Imeisha

Timau, 9 Agosti 1997

Kwako Mama Mudaki,

Mimi niko, ila baridi ya huku imeingia mpaka mifupani. Barafu imechoma ngano yote ya bondeni.

Nimemaliza ile mitambo ya mashua aliyokuwa akiijenga marehemu mzungu ghalani, hapa mlimani, mbali na bahari. Mjane wake alitaka kazi iishe hivyo hivyo. Nimeifunga yote kwenye waya mmoja: mtambo wa setilaiti unasema tuko wapi, mingine inasikiliza.

Jana niliiwasha. Mjane akapanda, akakaa penye usukani. Mtambo wa kupima kina ulionyesha vistari vitupu, maana chini yetu ni sakafu. Ule wa mwendo, sifuri.

"Inasema tuko wapi, Barnabas?"

"Timau, madam."

"Bado?"

Nilikumbuka ulivyoniandikia kwamba kaburi la mtoto wetu limeshaota nyasi na mimi sijalitia machoni. Kila barua nimekuwa nikikuambia nitakuja mashua ikiisha.

Imeisha, Mama Mudaki. Na mzigo wangu sijafunga.

Ni mimi,
Baba Mudaki