Nimeupata Mwisho wa Kitabu Chetu, Nimwambie Mdogo Wangu?

Mshauri mpendwa, naomba msaada, na tafadhali usinicheke kama mume wangu. Mimi ni msusi, mtu mzima na wanangu, na kinachoninyima raha ni kitabu cha mapenzi cha wasichana, kile cha binti aliyekwenda likizo kwa shangazi yake akapendana na mvulana wa jirani, tulikisoma mimi na mdogo wangu wa kike mpaka jalada likabanduka, ila mwisho hatukuujua kwa sababu mama aliwashia jiko kurasa za mwisho, basi tukawa tunautunga wenyewe tukiosha vyombo, yeye akisema mvulana alimfuata binti hadi kwao, mimi nikisema binti alimrudia mvulana, tunabishana hadi sahani inavunjika, jamani, raha gani ile! Sasa juzi nimekikuta kizima kwa muuza vitabu vya mitumba, nikafunga saluni mapema nikakisoma, na loo, hakuna kitu: mvulana kazi yake kusifia macho tu, halafu likizo inaisha, binti anapanda basi, anasinzia. Anasinzia! Nililia. Mdogo wangu hatujasemeshana tangu tulipomzika mama na yeye akachukua cherehani ya marehemu, na zamani alikuwa akisema angetoa chochote aujue mwisho ule, nikataka nimpelekee tupatane, lakini naogopa nitamharibia kitu pekee tulichobaki nacho. Nimpe au nikifiche?

Msusi

Msusi, pole. Nami nilivisoma vitabu hivyo nikiwa na sare ya shule, nikajiona nimependwa, kumbe hata mvulana wa jirani yetu hakuwa na habari. Mama yenu aliwafanyia hisani kuzichoma kurasa zile.

Lakini tusidanganyane: hulilii kitabu, unamlilia mdogo wako. Na cherehani ya nini, wewe unayesuka nywele? Ulitaka ushone nini? Mmemzika mama, sasa mnataka kuzikana mkiwa hai?

Fanya hivi. Usikitume kwa mtu, atakisoma peke yake ahuzunike kama wewe. Mpigie simu leo. Cherehani usiitaje kabisa. Mwambie umekipata kizima, naye lazima aulize kimeishaje; usimwambie, sema unakuja nacho Jumapili mkisome pamoja, na mkifika pale binti anaposinzia mcheke mpaka mbavu ziume. Akikata simu, piga tena. Akikata tena, nenda bila kualikwa. Wewe ndiye mkubwa.