Paka Kwenye Kitalu cha Mchicha

Zuhura, huna akili. Una mimba, halafu unazoa mavi ya paka kwa mikono mitupu, eti unataka mchicha? Haya, marahaba, salamu zako zimefika. Huku mlimani hatujambo, babu yako kifua kimetulia, na mimi silali kwa furaha ya kitukuu.

Unauliza udongo huo utafaaje. Nilipokuwa msichana, paka walichafua kitalu cha mama. Akauchota uchafu pamoja na udongo wake, akaufukia mbali na kisima. Kisha akarundika majani makavu pale kitaluni, akachoma mpaka udongo ukaiva. Tukafurahi kweli. Kulipokucha, paka wamekunya tena, safari hii kwenye jivu laini. Shangazi akacheka, "Wifi, umewatandikia godoro." Mama akachota, akachoma upya, akatandaza matawi ya mndimu yenye miiba. Hakurudi hata mmoja. Kumbe moto husafisha tu, kulinda ni kazi nyingine.

Hapo Mwembesongo pumba za mpunga zimejaa mashineni, mumeo akazibebe za kuchomea. Achote yeye, achome yeye, atandaze miiba yeye. Mboga zioshe, uzipike ziive. Wewe nawa kwa sabuni sasa hivi, uende kliniki leo, umwambie nesi ulichokishika, maana mavi ya paka yana vijidudu vya kumdhuru mtoto tumboni.