Planeri ya Papa juu ya mashamba ya Nyantende

Bukavu, Ijumaa, jioni. Mvua imekatika lakini bati bado linadondosha. Mikono yangu bado inanuka udongo, na sina hata moyo wa kuoga.

Papa amelala mapema, hakula. Nyumba iko kimya mno, ndiyo maana naandika.

Leo tulirusha planeri. Kwa asiyejua, planeri ni ndege ndogo isiyo na moteri. Inabebwa na upepo peke yake, na wewe uliye chini unaiongoza kwa telekomande. Hii ya Papa ina mabawa marefu kuliko kitanda changu. Siyo mchezo wa watoto. Ikishika upepo mzuri inaweza kukaa juu mpaka shingo ikuume.

Papa alifundisha useremala katika shule ya ufundi hapa mjini mpaka alipostaafu. Mimi nilizikuta planeri nyumbani kama wengine wanavyokuta kuku. Hii ya mwisho aliipenda kuliko zote. Mabawa aliyakata kwa waya wa moto katika ile polisterini nyeupe wanayofungia frigo, akayavisha kitambaa cha nyuzi za kioo, akayapiga msasa mpaka yakateleza kama yai. Katikati ya bawa alipitisha fimbo ya kaboni aliyoletewa na binamu yetu wa Ubelgiji. Alijenga polepole, miaka ikapita. Alipomaliza, macho yake yalikuwa yameanza kufunga.

Daktari alisema ni glokoma. Jicho la kushoto halioni kitu tena. La kulia linaona mwanga na vivuli tu, kama mtu anayechungulia nyuma ya pazia zito.

Na tangu vita vilete wakubwa wapya mjini, hatukurusha kitu. Nani angerusha? Watu siku hizi, kwa kuogopa droni za mabomu, wanasikiliza anga kuliko wanavyosikiliza redio. Papa aliifunga planeri ndani ya sanduku, akalisukuma chini ya kitanda chake, wala sikumsikia akilalamika. Ila kila asubuhi alitoka barazani, akaweka uso wake kwenye upepo, akasema, "Leo ingepanda." Kisha akarudi ndani.

Ni mimi niliyeanza. Nilimwambia: Papa, twende hata mara moja, kabla jicho la kulia halijafunga nalo. Alikataa. Nilipomrudia siku nyingine, hakukataa.

Tulijaribu kufanya kwa adabu. Tonton Déo, mdogo wake Papa, alitangulia Nyantende kuongea na chef wa kijiji. Chef alisema kitu kisicho na moteri hakiwezi kumsumbua mtu. Jumapili, misa ilipoisha, akatangaza kwamba Ijumaa muzee mmoja atakuja na ndege ya kuchezea, watu wasiogope. Tukaona imetosha.

Haikutosha.

Niliomba ruhusa kazini. Tonton Déo alitupeleka na gari lake, Papa akiwa nyuma, sanduku limelala magotini mwake kama mgonjwa. Juu ya kilima palikuwa na upepo safi unaopanda kutoka bondeni. Nilifunga kipande cha sashe nyeusi, mfuko wa plastiki, kwenye kijiti ili tuone unatokea wapi. Niseme, ili mimi nione. Papa alikuwa ameshaujua kwa mashavu.

Kuipanga alifanya mwenyewe. Aliunganisha mabawa kwa kupapasa, akasukuma mkia mpaka ukalia ta! mahali pake. Kisha akaibeba planeri juu ya ncha za vidole viwili, kidole chini ya kila bawa, kuona kama uzito umekaa sawa. Hapo hakuna wa kudanganya: pua ikiwa nyepesi, ndege inapotea, ikiwa nzito, inaanguka kama jiwe. Alikaa hivyo muda mrefu, amefumba macho yote mawili kana kwamba yanamsaidia.

"Pua inashuka kiloko, kidogo tu," alisema. "Iko muzuri."

Nilishika telekomande, yeye akagusa kila kipande kinachochezacheza nyuma ya mabawa. Kushoto. Kuume. Juu. Chini. Nikaenda mbali kidogo kwenye njia, tukarudia tena, kuhakikisha mawasiliano hayakatiki. Halafu akanyoosha mikono, nikampa telekomande, nikaichukua ndege.

Planeri hairushwi juu. Inasukumwa mbele, sawasawa, kama unaitoa kwa mtu aliyesimama mbele yako. Nilikimbia mpaka ukingoni nikaiachia. Ilizama kidogo. Kisha upepo ukaishika kwa chini, ikainuka.

"Ongea, Nsimire!" Papa aliniita.

Nikaongea. Iko mbele yako, Papa. Mabawa iko sawa. Inaenda kushoto, iache iende. Sasa rudisha kuume, polepole. Ndani ya ndege kuna kachombo kanachotuma mlio kwenye telekomande: ikipanda, mlio unakuwa mwembamba na wa haraka, ikishuka, unakuwa mzito. Kwa hiyo kupanda alikusikia mwenyewe. Alichohitaji kwangu ni upande tu. Mlio ukazidi kuwa mwembamba, vidole vyake vikawa vinasogea kidogo sana kwenye vile vijiti, na ndege ikaanza kuzunguka duara kubwa juu ya mashamba, nyeupe, bila sauti hata moja.

Papa akacheka.

Sijui nieleze vipi kicheko hicho. Tangu Maman alipofariki sikuwa nimekisikia. Tonton Déo aliyekuwa ameegemea gari aligeuka kumwangalia, akaondoa kofia kichwani.

Kivuli cha ndege kilikuwa kinapita juu ya maharagwe, kinapanda matuta na kushuka. Nilikifuata kwa macho kwa sababu kilikuwa kizuri. Kikaenda mpaka mteremko wa pili, ambako mwanamke mmoja alikuwa anapalilia peke yake. Kikapita juu ya mgongo wake.

Aliinua kichwa.

Hakupiga kelele. Alitupa jembe akakimbia, siyo kama mtu anayekimbia mvua. Alikimbia ameinama, akienda kushoto, halafu kuume, kama mtu aliyeshajifunza kukimbia hivyo. Akafika kwenye ukingo wa tuta, akaanguka ndani ya mfereji, akajikunja na kufunika kichwa kwa mkono mmoja.

Nikanyamaza.

"Nsimire, iko wapi?" Papa alisema bado anatabasamu. Kisha kwa nguvu, "Ongea! Iko wapi? Mutoto, ongea!"

Mlio ulikuwa bado mwembamba. Ndege ilikuwa bado inapanda. Na kwa kuwa hapa siandiki kwa ajili ya kusifiwa, niseme lililokuwa moyoni dakika ile: nilimkasirikia yule mwanamke. Niliona anaharibu. Baba yangu amecheka mara moja, na yeye anakuja kuanguka.

Nilipoinua macho, upepo ulikuwa umeshaibeba ndege nyuma yetu, upande ambao hewa inashuka. Mlio ukabadilika, ukawa mzito. Nilisema kuume, Papa, kuume, nikiwa nimechelewa. Ilipita juu ya vichwa vyetu na kuingia katika miti ya kalitusi. Ilivunjika kwa mlio wa bua kavu la mahindi.

Papa hakuuliza habari za ndege. Alishusha mikono.

"Umeona nini?"

"Mutu ameanguka, Papa. Maman mmoja, kule shambani. Ameogopa."

"Unipeleke."

Tuliteremka amenishika bega, akiteleza kila mara, Tonton Déo akitutangulia. Yule maman alikuwa ameshaketi kwenye ukingo wa mfereji, udongo mpaka kwenye nywele. Ana umri wa Maman kama angekuwa hai. Mkono wake wa kulia alikuwa ameubana kifuani na mimi niliona mara moja kwamba kifundo hakikuwa mahali pake.

Anaitwa Maman Cibalonza. Siyo mtu wa Nyantende. Alikimbia vita kutoka kijiji cha mbali, upande wa msitu, akapokelewa na jamaa waliomwazima kile kipande cha shamba. Jumapili ile chef alipotangaza, yeye hakuwepo misani. Hakuna aliyekumbuka kumwambia.

"Iko wapi?" alituuliza. "Ile kitu, imeenda?"

"Imeanguka, maman," Tonton Déo alisema. "Haina kitu. Haina bombe, haina moteri. Ni ya kuchezea tu."

Hakuamini. Tonton Déo akapanda mpaka kwenye miti, akarudi na kipande cha bawa. Maman Cibalonza alikipokea kwa mkono mzima, akakipima, akakigeuza.

"Mwepesi hivi?" alisema. "Kitu mwepesi hivi ndiyo imenikimbiza?"

Nilidhani atacheka. Mdomo ulianza kucheka, halafu akalia. Akatuambia, bila kuulizwa, kwamba kwao kitu kilipita juu hivyo hivyo siku ya soko, na mume wake alikuwa sokoni.

Papa alipiga magoti kwenye matope. Alianza kuomba radhi kwa Kiswahili, kikamshinda, akaendelea kwa Mashi, lugha ya kwetu, taratibu, kama watu wanavyoongea kwenye kilio. Alikuwa anaelekeza uso pembeni kidogo ya mahali alipokuwa yule maman. Ndipo maman akagundua.

"Muzee, wewe hauone?"

"Sione, maman."

"Sasa ulikuwa unarusha namna gani?"

"Mutoto wangu alikuwa ananiambia."

Maman Cibalonza aliweka kile kipande cha bawa chini. "Miye ninaona muzuri," alisema. "Siku ile pia niliona."

Papa aliinamisha kichwa.

Kisha akasema, bila hasira, "Musirudiye tena, muzee."

"Haturudiye," Papa alisema.

Tulimpeleka centre de santé, kituo cha afya cha pale. Mfupa wa kifundo umevunjika, wamemfunga plasta. Muuguzi alipokuwa anamfunga, yeye alikuwa anaongelea maharagwe tu. Kwamba magugu yanakua haraka na mvua hii. Kwamba jamaa zake wana mashamba yao, hawawezi kumfanyia. Kwamba amefika nusu ya shamba. Tulimrudisha mpaka kwenye mlango wa jamaa zake, nikambebea jembe lake, na mwenye nyumba alituangalia kwa namna ambayo tulistahili.

Njiani kurudi mvua ilianza. Vipande vya planeri vilikuwa nyuma ndani ya sanduku, vinagongana kila tulipoingia shimo. Papa aliongea tulipoanza kuona nyumba za mji.

"Nilikuwa najua siku ya mwisho itakuya," alisema. "Nilifikiri ni macho ndiyo itanikataza. Hiyo nilishaipokea."

Tonton Déo akamwambia si kosa lake, chef alitangaza, watu walijua. Papa hakubishana naye. Alingoja amalize, halafu akauliza, "Nani atamupaliliya?"

Tonton Déo alipunguza mwendo.

"Miye nikishika jembe nitakata maharagi yote," alisema. "Nsimire, wewe uko na macho."

Hilo ndilo neno la mwisho aliloniambia leo. Sikulisikia kama adhabu. Alilisema kama anavyosema nimletee maji.

Sijamwambia sura ya planeri ilivyo. Bawa la kulia limekatika pale fimbo ya kaboni inapoishia, mkia umebaki juu ya mti. Hajauliza. Alipofika nyumbani alitoa betri kwenye telekomande, akaifunga ndani ya kitambaa, akanipa mimi niweke mahali. Hakusema wapi. Nimeiweka kabatini, chini ya mashuka.

Jioni yote najiuliza kama ningemwambia ndege iko wapi, kama ningesema neno moja tu kabla ya kumwangalia yule maman. Planeri ingetua salama, na Papa angekuwa na siku yake. Lakini maman angekuwa mle mferejini vilevile. Nageuza hivi, nageuza vile, na kila mara namkuta mle ndani, amefunika kichwa kwa mkono mmoja kwa sababu mwingine umevunjika.

Na kicheko cha Papa nacho nimekisikia. Sitaki kukirudisha kana kwamba sikukipata. Sijui mtu anaweka wapi vitu viwili hivyo pamoja.

Kesho asubuhi naenda kumpalilia Maman Cibalonza. Jembe nimeazima kwa jirani, aliniangalia kama mgonjwa nilipomwomba. Sijalima tangu shule ya msingi. Mikono itatoka malengelenge, hayo hayaniogopeshi.

Kinachoniogopesha ni kwamba shamba lile liko wazi, halina mti hata mmoja karibu. Nitakapokuwa nimeinama pale peke yangu, sijui kama nitaweza kumaliza hata mstari mmoja bila kuinua macho juu.