Nyumba ya Saba

Mjukuu wangu Somoe,

Marahaba, shikamoo yako nimeipokea. Bibi yako goti limetulia, na mikorosho imeanza kutoa maua.

Unaniuliza kama nami takwimu zilinichanganya chuoni. Ziliniacha hoi! Enzi za Mwingereza, mwalimu wetu wa chuo cha kilimo alitupeleka Mingoyo kukadiria mavuno ya mtama. Alisema tuziruke nyumba tisa, tubishe hodi kwenye ya kumi, na hiyo moja itazisemea zote. Sikuelewa, lakini nikaenda.

Nilipofika nyumba ya saba, mama mmoja mzee akaniita kutoka barazani. "Mwanangu, unapita kwangu hata hodi hupigi? Nimekukosea nini?"

Nikaona haya, nikaingia. Kihenge chake cha mtama kilikuwa kitupu. Nikaandika sifuri. Nyumba ya kumi walikuwa na magunia sita.

Mwalimu aliikata ile sifuri kwa wino mwekundu. "Nyumba hii haikuchaguliwa," akasema, na kwa hesabu zake alikuwa sahihi. Mtihani nikafaulu, kichwa kikabaki vilevile.

Wewe ukishalielewa somo hilo, niandikie jibu moja tu: yule mama alihesabiwa wapi?

Babu yako,
Selemani