Kiwiko Si Bolti

12 Machi

Wifi yangu,

Shikamoo. Vipi magoti yako? Sisi huku watoto hawajambo, na mdogo wako hajambo kupita kiasi.

Mimi nimetolewa plasta, na mkono umegoma. Kukunja unakunja, kunyooka hautaki. Umebaki kama mkono wa birika. Daktari kasema mfupa umeunga, sasa niunyooshe taratibu. Mdogo wako kasikia "niunyooshe", hilo "taratibu" likampita. Kila jioni akitoka gereji ananikalisha, anaubana mkono wangu mezani, anavuta. Anasema bolti iliyoshika kutu haibembelezwi. Jana nimelia mpaka mtoto akakimbilia kwa jirani.

Msimamizi amenishikia nafasi yangu mpaka tutakapoanza kupaka rangi dari za ile shule, mwezi wa tano. Dari haipakwi kwa mkono uliokunjwa. Ndiyo maana navumilia. Au nakosea?

Wifi yako


17 Machi

Wifi,

Marahaba. Magoti ni mazima, presha ilikuwa imeshuka mpaka nilipofungua barua yako.

Unakosea, ndiyo, lakini mwenzako anakosea zaidi. Nimembeba mgongoni yule, namjua. Saa ya baba aliitengeneza ikasimama milele, na mpaka leo anasema ilikuwa mbovu tangu dukani. Mwanamume anamsikia mkewe analia, anadhani hiyo ni dalili kazi inakwenda vizuri! Bolti haina mishipa, haina damu, wala haivimbi usiku. Kiungo kikivutwa kwa nguvu huchanika ndani, kikivimba hukaza zaidi, na wakati mwingine nyama yenyewe huota mfupa. Hayo sikuyatoa kichwani; nimemuuliza mtaalamu wa viungo anayenitibu magoti.

Sikiliza alivyosema. Uupashe mkono moto kwa taulo la vuguvugu. Ulale chali, uweke taulo lililokunjwa chini ya mkono, juu kidogo ya kiwiko, kiganja kitazame juu, uache mkono ushuke kwa uzito wake wenyewe huku unapumua. Usikie unavutika, usisikie kisu. Kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku, na kukunja pia usikuache. Maumivu yakikaa baada ya kumaliza, umezidisha. Ndoo usiibebe ili ikunyooshee. Vidole vikifa ganzi, acha, nenda hospitali.

Msomee haya bwana fundi. Asipoelewa, mwambie nakuja.

Wifi yako


2 Aprili

Wifi yangu,

Shikamoo. Sisi wazima, ila mimi nusu.

Nilimsomea. Alicheka, akasema, "Dada angekuwa na gari angelisomea kitabu mpaka liwake." Jumapili akaja na mafuta ya moto, akavuta mara moja tu, "ya mwisho". Kiwiko kikavimba kama boga dogo na kidole cha mwisho kikafa ganzi. Nimekwenda hospitali. Mama wa mazoezi ya viungo pale aliuliza nani kanifanya hivi, nikasema nimeanguka. Hakuniamini. Akaniambia mkono huu asiuvute mtu, hata yeye hauvuti. Ganzi inapungua, lakini nimerudi nyuma kuliko nilipoanzia, na dari zinanisubiri.

Wifi yako


6 Aprili

Wifi,

Salamu baadaye.

Eti umeanguka! Unamfichia nani, na kwa faida ya nani? Nimempigia simu, nimemwambia maneno ambayo mama angeyasema kama angekuwa hai. Ukoo mzima sasa unajua. Nimempigia na msimamizi wako, nikamwambia huwezi kupanda ngazi mwaka huu, asikutarajie. Umeshavutwa vya kutosha kwa ajili ya hizo dari. Funga mizigo, chukua watoto, njoo kwangu. Usinijibu kwa barua, nijibu kwa miguu.

Wifi yako


29 Mei

Wifi,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Nimekaa kimya kwa sababu kila nilipoanza kuandika, matusi yalinitangulia.

Nafasi yangu kapewa mtu mwingine. Haikuchukuliwa na kiwiko. Uliichukua wewe, kwa simu moja, bila kuniuliza. Mdogo wako alinivuta mkono kwa kuwa anajua kinachonifaa. Wewe ukanivuta mzima mzima kwa sababu hiyo hiyo. Kweli nyinyi mmetoka tumbo moja.

Yeye nilimwambia hapana siku ile ile niliyotoka hospitali. Sikupaza sauti. Alikaa na mikono yake mapajani, hajui aipeleke wapi. Hajanigusa mkono tena. Siku hizi anapasha taulo, analiweka, anatoka nje. Alipokupigia kukuambia hivyo ulimkatia simu, kaniambia.

Kwa msimamizi nilikwenda mwenyewe. Nilinyanyua mkono mbele yake mpaka unapofika, nikauacha hapo autazame. Akasema, "Dada yako alisema huna mkono kabisa." Nikamwambia yule si dada yangu, ni wifi, na mkono ndio huu. Dari hakunirudishia. Kanipa kuta. Nimeanza Jumatatu.

Ushauri wako wa taulo ulikuwa sahihi, na nakushukuru kwa huo tu. Kila asubuhi nalala chali, naacha mkono uning'inie, hakuna anayeushika. Unashuka wenyewe. Chini haujafika. Ukifika, umefika. Usipofika, nitapaka rangi kuanzia pale ulipoishia.

Wifi yako, bado